Dumu Lisilopungua

Alikuwepo mwalimu mmoja mstaafu. Msigeuke nyuma kumtafuta, hayupo humu ndani. Nimemtunga mwenyewe juzi Alhamisi nikiwa nachambua mchele. Akina mama wa kwaya mnaweza kulegeza vilemba, maana mfano wa leo ni mrefu kidogo, na ukweli ni kwamba hata mtunzi wake amekuja hapa amechoka.

Mwalimu huyu aliishi kwenye mji mkavu, tuseme upande wa Manyoni, mahali ambapo mvua ikinyesha watu hutoka nje kuipokea kama bibi harusi. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu na ua mpana, umefagiliwa vizuri, na ndani ya ua wote ule kitu pekee kilichotoa kivuli kilikuwa kamba ya kuanikia nguo. Siku ya kufua, kuku walijipanga chini ya shuka kama wanafunzi kwenye foleni ya uji.

Mkewe mtaa mzima ulimwita Mama Nyemo, kwa jina la binti yao wa pekee, ambaye sasa anafanya kazi Mbeya. Mama Nyemo alikuwa mtu wa Muheza. Amekulia kwenye michungwa na mizambarau, akampenda mwalimu wa hesabu, akaletwa kwenye vumbi. Miaka yote hiyo alilalamika mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa Oktoba, na malalamiko yake yalikwisha Desemba.

Mwaka huo kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kushoto ukalala, mguu wa kushoto ukalala. Ulimi ukabaki, tena ukabaki mzima kabisa, na Mwalimu alimshukuru Mungu kwa ulimi ule, ingawa siku nyingine shukrani ilikuwa ndefu kuliko siku nyingine.

Daktari alipowaruhusu kurudi nyumbani alimwambia Mwalimu asimfungie mgonjwa ndani. Amtoe nje kila siku, akae, apate hewa, aone watu wanapita. Mwalimu akaitikia vizuri, akarudi nyumbani, akasimama katikati ya ua na kiti mkononi. Akauliza moyoni, nimweke wapi? Jua la huko saa nne asubuhi linakupiga kama unadaiwa. Akajaribu kumweka ukutani, ukuta ukamrudishia joto. Akajaribu kufunga turubai, upepo ukalichukua, likaokotwa mtaa wa tatu. Mwisho akamrudisha kitandani, akamfungulia dirisha, akamwambia, "Mama Nyemo, nitakutoa nje. Nipe muda."

Akamuuliza anataka mti gani. Mama Nyemo hakufikiri hata kidogo. Alisema mzambarau.

Mwalimu akatafuta mche, si ule wa kwenye kimfuko, bali mkubwa uliomfika kifuani. Akauchimbia shimo hatua sita kutoka dirisha la mkewe, akaweka samadi, akaupanda. Halafu, kwa kuwa hesabu haistaafu, akapiga hesabu. Miaka mitatu, kivuli cha kiti kimoja. Miaka mitano, kivuli cha kiti na mgeni wake. Yeye alikuwa na miaka sitini na saba. Akasema inawezekana, mradi mti usife na mimi nisife.

Sasa nataka mnifuate kwenye siku yake, maana watu wengi tunajua majina ya wagonjwa wetu, lakini hatujui ratiba ya wanaowauguza.

Saa kumi na moja alfajiri, Mwalimu anaamka na kumgeuza mkewe asipate vidonda vya mgongo. Anamwogesha. Anabadilisha shuka. Anapika uji, anamnywesha, na mnajua uji wa mgonjwa, kijiko kimoja kinaingia, nusu kinatoka. Anamnyoosha vidole vya mkono uliolala, kimoja kimoja, kama alivyoelekezwa hospitali. Halafu anachukua ndoo mbili anakwenda bombani, dakika ishirini kwenda, dakika ishirini kurudi, na foleni haina mwisho. Anarudi, anafua shuka, maji yamekwisha. Anakwenda tena. Anapika. Anamgeuza. Jua likishaanza kulegea anakwenda safari ya mwisho, na hizo ndoo mbili za mwisho ni za mzambarau. Anaumwagia, ardhi inayanywa yote kwa pupa mara moja, na kesho yake saa tano udongo ni mkavu kama vile hakuja mtu.

Binti yao alipiga simu kila Jumapili. Anauliza, baba mnaendeleaje? Baba anajibu, tunamshukuru Mungu. Kanisani walimuuliza, Mwalimu, mama anaendeleaje? Tunamshukuru Mungu. Hilo ndilo jibu letu, hata mtu akiwa chini ya lori ukimchungulia ukamuuliza anaendeleaje, atakujibu anamshukuru Mungu, na wewe utasema amina, utavuka barabara.

Miezi minne ikapita hivyo. Mgongo wake ukaanza kutoa sauti. Jioni moja alikaa kwenye ukingo wa kitanda kuvua viatu, akalala na kiatu kimoja mkononi, mkewe akamtazama mpaka alipoanza kuinamia mbele, ndipo akamwita.

Ndipo Mwalimu akakumbuka kitu alichokiona zamani kwenye bustani ya shule. Akachukua dumu la lita ishirini. Akachoma sindano kwenye moto mpaka ikawa nyekundu, akatoboa tundu dogo chini kabisa ya dumu, dogo kuliko punje ya mtama. Akapanga matofali matatu pembeni ya mti, akaliketisha dumu juu yake, akalijaza, akakaa chini kutazama. Tone. Kimya. Tone. Kimya. Udongo chini ya mti ukaanza kuwa mweusi, polepole, na haukukauka. Dumu moja lilichukua siku tatu kuisha, na mti ukanywa usiku na mchana bila kusukumwa.

Ndugu zangu, kwa mzee yule siku ile ilikuwa kama Pasaka. Safari ya jioni ilikatika. Siku mbili kati ya tatu hakuwa na sababu ya kwenda bombani jioni. Alikula chakula kikiwa cha moto. Alimsomea mkewe gazeti la wiki iliyopita. Mzambarau nao ukatoa majani mapya, mekundu mekundu, yale yanayong'aa, na Mama Nyemo akiwa dirishani akayahesabu. Yalikuwa kumi na moja.

Baada ya kama mwezi na nusu, Mwalimu akaenda siku ya tatu kujaza dumu, akakuta liko nusu. Akashangaa kidogo, akalijazia. Siku ya sita akaenda, limepungua vidole viwili tu. Akalijazia. Siku ya tisa akalikuta limejaa mpaka shingoni. Siku ya kumi na mbili limejaa mpaka shingoni. Ya kumi na tano, vilevile.

Mnakumbuka zile hesabu za darasa la sita, bomba moja linaingiza maji, bomba jingine linatoa, tangi litajaa baada ya saa ngapi? Huyu bwana alizifundisha hizo miaka thelathini na minne. Ameshachapa watoto kwa ajili ya hilo tangi. Sasa lipo mbele yake, tangi lenyewe, si la ubaoni, ni la kweli, na swali lilikuwa rahisi kuliko yote aliyowahi kuuliza. Kama maji hayapungui dumuni, je, mti unakunywa nini?

Hakuuliza. Wala msimcheke haraka. Mtu aliyechoka haulizi maswali ya namna hiyo. Mtu aliyechoka akiona mzigo umekuwa mwepesi hageuki kutazama nani ameushika, anaogopa akigeuka utarudi. Mwalimu alisimama pale, akaweka mkono juu ya kifuniko cha dumu, na neno lililomjia, kwa kuwa amelelewa kanisani, lilikuwa neno la kikanisa. Akasema, Bwana amenihurumia.

Na wiki zile mbili alilala. Nataka mlijue hilo. Alilala mpaka jua linatoka.

Siku ya jumuiya, walipokutana nyumba ya jirani, wakaulizwa nani ana shukrani. Mwalimu akainuka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba alijaza dumu tarehe fulani, lina tundu chini, na mpaka leo maji hayajapungua. Kisha mama mmoja akafumba macho akaanzisha pambio, na mnajua mama wa namna hiyo akishaanza pambio, uchunguzi umefungwa.

Jumapili wakampandisha mbele. Jumatatu mchungaji wao akafika nyumbani na chupa tupu ya nusu lita, akaomba ajaziwe kwa ajili ya huduma ya wagonjwa. Jumanne wakaja wazee wa kanisa. Jumatano umoja wa wanawake, wamevaa sare. Kufikia mwisho wa wiki walikuja hata watu wa madhehebu ambao kwa kawaida hatuazimani nao hata viti.

Walisimama kulizunguka dumu. Walipiga nalo picha. Dada mmoja alikuwa amebeba mkoba mzito, akatafuta mahali pa kuutundika, akautundika kwenye mzambarau, akapata nafasi ya kuinua mikono yote miwili. Walimpungia Mama Nyemo dirishani, wakamwambia pole mama, Mungu anakutembelea. Na kila mmoja akaomba maji kidogo, kifuniko kimoja tu, kwa imani.

Ninyi nyote mmenunua mafuta ya kupima, mnajua kifuniko kimoja mara watu arobaini ni kiasi gani. Dumu likapungua.

Mwalimu akaona. Wageni wa siku ile wakishaondoka, akachota lita moja kwenye ndoo ya nyumbani, akamiminia. Akajiambia ni kwa ajili ya kulinda imani za watu wachanga. Siku ya pili lita tatu. Siku ya tatu akachukua ndoo zake mbili, akaenda bombani jioni, kama zamani. Alikuwa anaongezea muujiza. Naona mnacheka. Inua mkono wewe ambaye hujawahi kuongezea ushuhuda wako maji kidogo usije ukapungukiwa mbele za watu. Haya, mikono naona imelala kama wa Mama Nyemo.

Kwa hiyo sasa alibeba ndoo za mgonjwa, ndoo za muujiza, na ndoo za chai ya wageni, maana mgeni wa kiroho naye hunywa chai, tena na sukari. Alichota kuliko alivyochota kabla hajatoboa dumu. Suruali yake ikaanza kufungwa kwa tundu la mwisho la mkanda. Kule bombani walimpisha mbele ya foleni kwa heshima, wakamwita mtu wa Mungu, wakamtwisha ndoo mabegani, wakamtazama akiondoka.

Na mzambarau, hatua sita kutoka dirishani, ukaanza kukunja majani. Yalijikunja pembeni kama karatasi za mtihani zilizoachwa juani. Yakawa ya kahawia. Yakaanguka moja moja, na Mwalimu akayafagia kila asubuhi ili wageni wakute pasafi. Mama Nyemo alikuwa dirishani. Mwanamke aliyewahi kumwambia askofu kwamba mahubiri yake yalikuwa marefu, sasa alitazama na hakusema kitu.

Ikafika Ijumaa ambayo mgongo wa Mwalimu ulikataa. Aliinama kuchukua ndoo, hakuinuka. Alitambaa mpaka kwenye kiti. Na kesho yake, Jumamosi, walikuwa wanakuja watu wa usharika wa jirani, lori zima, wametoa taarifa mapema ili chai iandaliwe. Dumu lilikuwa robo. Mwalimu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwita muuza maji, mtu mzima mwenye mvi za ndevu, anayesukuma baiskeli na madumu sita. Huyo bwana hakuwa mtu wa kanisa. Jumapili kwake ndiyo siku ambayo bombani hakuna foleni.

Mwalimu akamwonyesha kwa kidole, akamwambia amimine mle. Yule bwana akainua dumu lake, akatazama, akalishusha tena chini.

"Mzee wangu, hili si lina tundu hapa chini?"

"Lina."

"Na halitoi maji."

"Halitoi," Mwalimu akasema. "Ndiyo maana watu wanakuja."

Muuza maji akachuchumaa. Akapitisha kidole gumba pale chini, kikatoka na kitu cheupe kigumu kama ukoko wa ugali. Akakionja kwa ncha ya ulimi, akatema pembeni. Akamweleza, bila kumcheka, kwamba maji ya kisima chao yana chumvi, kila mtu anajua, birika la kwake nyumbani limeziba mdomo mpaka analitumia kama pambo. Tundu limeziba, mzee. Limeziba muda mrefu. Akachomoa uzi mmoja wa waya kwenye breki ya baiskeli yake, akauingiza, akauzungusha.

Tone. Kimya. Tone.

Lile tone likaanguka kwenye udongo na halikuingia. Liliviringika juu ya vumbi kama shanga, likasimama. Yule bwana akautazama mti. Akakwangua gamba la shina kwa ukucha, mahali pa chini kabisa, panapokauka mwisho. Palikuwa pakavu, rangi ya njiti ya kiberiti. Akavua kofia.

"Pole, mzee," akasema. "Huu umeshakwenda."

Mwalimu akamwomba amsaidie kuinuka. Akaingia ndani, akishika ukuta, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa anatafuta namna ya kumwambia mwanamke yule kwamba kiti chake cha nje hakipo tena, kwamba miaka mitatu inaanza upya kuhesabiwa, kwa mtu ambaye pengine hana hiyo miaka mitatu.

"Mama Nyemo, mti umekufa."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu wiki ile ya kwanza dumu lilipogoma. Kwani dirisha langu linatazama wapi?"

Mwalimu akageuka kumtazama. Akamuuliza kwa nini hakumwambia, yeye ambaye humwambia hata chumvi ikizidi punje mbili. Kwa mkono wake mzima Mama Nyemo alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya shuka.

"Zile wiki mbili ulilala, Baba Nyemo. Ulikoroma. Sijakusikia ukikoroma tangu nianguke. Nikasema, mti ukifa tutapanda mwingine. Wewe ukifa, nani atanigeuza?"

Mzee akaushika ule mkono uliolala, akaanza kumnyoosha vidole.

"Halafu wakaanza kuja wageni," akaendelea, "nikaona nikisema nitakuaibisha. Basi nikawa nasubiri mmoja wao aone. Kila aliyeingia nilimtazama. Nikasema, huyu mama ana bustani ya mchicha, huyu ataona. Huyu mchungaji ni mtoto wa wakulima, ataona. Walikuwa wengi, Baba Nyemo. Waliona dumu."

Nje tone lilikuwa linaanguka juu ya udongo usiotaka. Baadaye Mama Nyemo akamuuliza kama leo amekula. Mwalimu akajaribu kukumbuka, akashindwa.

Ndugu zangu, mfano wangu unaishia hapo. Wale wanaosubiri mti uchipue, hauchipui. Nimejaribu tangu Alhamisi kuuchipusha, ungependeza sana, kwaya ingeinuka, sadaka ingekwenda vizuri. Lakini mti usiopewa maji hufa, hata ukiwa umezungukwa na watu wanaoimba.

Mmecheka leo. Mmemcheka mzee alipoongezea maji, na mimi niliwachekesha kwa makusudi. Sasa hebu tuhesabu pamoja, kwa kuwa mwalimu mwenyewe hakuhesabu. Watu wangapi walifika kwenye ua ule? Tuseme mia mbili. Njia ya kwenda kwake inapita wapi? Inapita bombani. Watu mia mbili walipita bombani, wakamkuta mzee wa miaka sitini na saba anasukumana na ndoo, wakampisha kwa heshima, wakatangulia nyumbani kwake kumsubiri. Walikuja na chupa tupu. Walitoka na maji kwenye nyumba isiyo na maji. Aliyekuja amebeba maji alikuwa mmoja, naye aliitwa.

Nani kati ya hao alikuwa mtu mbaya? Niambieni. Yule dada wa mkoba? Wazee wa kanisa? Walikuwa watu wa sala. Wangekufa kwa ajili ya imani yao. Walichoshindwa ni kubeba ndoo.

Na yule mchungaji mwenye chupa ya nusu lita, huyo sikwenda mbali kumtafuta. Nilikuwa na picha yake nyumbani, kwenye kioo.

Sisi tunapenda kitu kilichojaa. Tunapenda orodha ya maombi ikijaa majina. Tunapenda kundi la simu likijaa amina, mtu anaandika mama amelazwa, amina tisini na sita, na wodini hakuna mtu wa kumshikia bakuli. Tunautazama upendo wetu ulivyojaa, haupungui, tunasema Mungu ametubariki. Upendo usiopungua, wapendwa, umeziba. Ule unaotoka hupungua. Unatakiwa upungue. Ukiona wako umejaa mpaka shingoni na wiki ya tatu haujashuka hata kidole, usilete ushuhuda. Chuchumaa utazame chini.

Na wewe unayeuguza mtu. Najua uko humu. Unalala na kiatu mkononi. Tumekuuliza mlangoni unaendeleaje, na umetujibu vizuri, na tumefurahi kwa sababu jibu lako lilituruhusu tuingie ndani tukatafute kiti. Tusamehe. Wewe hukukosa imani. Umekosa mtu wa zamu ya pili. Na kama umeona jambo lolote jepesi likakupa usingizi wiki mbili ukaliita rehema, mimi siwezi kukuhukumu, ningekuwa wewe ningeliita hivyo hivyo.

Kuna desturi, mhubiri akifika hapa husema mgeukie jirani yako umwambie jambo fulani, na ninyi mnalisema huku mnatazama saa. Leo usimwambie kitu. Mgeukie aliye karibu nawe, huyo huyo, hata kama hamjasalimiana tangu mwaka juzi, umuulize nani anayemsaidia nyumbani. Akikujibu anamshukuru Mungu, usiseme amina. Muulize tena. Halafu funga mdomo, hata kama itachukua muda, mpaka akuambie siku na saa ambayo utakwenda.

Mimi nimemaliza. Kwaya, msiinuke kwanza. Acheni watu wapange.